Balbu ya Pili

Kilichoninyima usingizi msimu ule hakikuwa kazi, ingawa kazi sikuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, barua ya wizara ya kunipangia kazi haikuwa imefika, na kila mtu aliyeingia dukani kwetu Eldoret alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. Mimi nililala chali katika chumba cha nyuma nikiwaza balbu. Nilijiuliza kama ni balbu ya projekta inayozeeka au ni macho ya baba. Kama ni balbu, dawa ilikuwa kabatini, ndani ya boksi lake, haijawahi kutumika. Kama ni macho, basi kila Jumapili niliyoiacha balbu ya zamani ndani ya mashine nilikuwa nikimsaidia baba kujidanganya, na sikujua kama kufanya hivyo ni upole au ni dhambi.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa Kaptagat. Alitoka Central, mkoa wa Kati, akiwa kijana kutafuta kazi, akaipata jikoni, na mama akapata ya kuchuma maua ya pareto katika shamba lilo hilo. Tuliishi kwenye laini, vile vyumba vya udongo vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari mmoja nyuma ya josho la ng'ombe. Mama alikufa kwa homa ya mapafu muda mfupi kabla ya Uhuru, akazikwa hapo hapo shambani, mahali walipozikwa watu wa laini. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni harufu ya pareto kwenye leso yake, na hata hiyo sina hakika kama naikumbuka au nilisimuliwa.

Mzungu alipoamua kuondoka, shamba lilinunuliwa na kampuni ya wananchi waliochanga hisa. Baba alichukua hisa moja kwa akiba yake yote. Kabla ya ardhi kugawanywa, vitu vya nyumbani kwa mzungu vilipigwa mnada kwenye nyasi mbele ya veranda. Watu waligombania plau za kulimia, mikebe ya maziwa, mashine ya kutenga krimu, hata mabati ya banda la kuku. Baba alisubiri hadi mwisho, akanunua projekta, sanduku la filamu, na balbu mbili, moja ikiwa ndani ya mashine na nyingine kwenye boksi. Dada yangu, ambaye alikuwa msichana mkubwa wakati huo, anasema wenzake walimcheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu amepata shamba, hana jembe, ananunua sinema. Walisema mpishi amerogwa na jikoni.

Hawakujua kile ambacho yeye alijua. Jioni moja, miaka ya nyuma, mzungu alikuwa akiwaonyesha wageni filamu alizopiga mwenyewe, na baba aliingia na trei ya chai. Ukutani alimwona mke wake akitembea.

Vipande vya ardhi viligawanywa kwa kura. Namba ziliandikwa kwenye karatasi, zikakunjwa, zikachanganywa ndani ya kofia, kila mwenye hisa akachovya mkono. Baba alitoa namba ya upande wa juu, karibu na msitu. Makaburi ya laini yaliangukia katika kipande cha mtu tusiyemjua, aliyekuja kutoka mbali, na msimu wa kwanza tu alilima pote na kupanda mahindi. Sidhani alifanya kwa ubaya. Hapakuwa na mawe wala misalaba ya kumwambia mtu chochote. Baba alikwenda mara moja, akasimama kwenye mpaka, akarudi. Baadaye alikodisha kipande chake na kufungua duka mjini, ambako kulikuwa na stima, na stima ndiyo iliyohitajika na projekta.

Kwa hiyo mama alibaki katika filamu moja. Hatukuwa na picha yake nyingine yoyote. Anatokea upande wa kushoto akiwa na kikapu cha pareto mgongoni, anapanda hadi kwenye mizani, anageuka kwa sababu mtu amemwita, anaona kamera, anaficha mdomo kwa pembe ya leso, anapita. Nilipima kwa saa. Ni sekunde kumi na moja.

Kila Jumapili baada ya kanisa dada alifunga duka, tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka ukutani. Majirani walikuja. Walipenda sehemu ya farasi na ile ya mzungu akianguka kwenye bwawa. Sehemu ya mama walinyamaza, hata wale ambao hawakumjua, kwa sababu baba alikuwa ananyamaza.

Niliporudi kutoka chuo kazi ya kuendesha mashine ikawa yangu. Mara ya kwanza tu niliona kwamba mwanga haukuwa ule niliouacha. Ulikuwa wa manjano, kama chai iliyotiliwa maziwa mara mbili. Nilifungua mlango mdogo wa ubavuni na kuikagua balbu. Kioo kilikuwa kimeshika weusi upande mmoja, na ule waya mwembamba wa ndani ulikuwa umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Ndani ya boksi la balbu mpya kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, iliyokunjwa vizuri, ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Niliisoma mara nyingi. Ilisema balbu ya aina ile huwaka saa ishirini na tano. Lakini mzungu aliitumia kiasi gani kabla yetu? Sisi tuliitumia kiasi gani? Nilijaribu kukadiria Jumapili zote, nikitoa zile za mvua ambazo stima ilikatika, nikiongeza Krismasi. Dada alinikuta na karatasi zangu mezani akaniuliza kama hiyo ndiyo digrii yenyewe.

Karatasi ile ilisema jambo jingine pia, lililonitia jasho. Balbu haichoshwi sana na kuwaka. Inachoshwa na kuwashwa, pale joto linapoupiga ule waya ukiwa baridi. Sisi, kwa miaka yote, tuliipumzisha. Filamu ikiisha baba aliagiza taa izimwe, ipoe, watu wanywe chai, kisha iwashwe tena. Katikati ya filamu ndefu pia tuliizima. Alikuwa na msemo wake kwamba ng'ombe wa plau hupumzishwa kwenye kona ya shamba, na ndiyo maana anafika jioni. Tuliitunza balbu kama ng'ombe, na kila pumziko lilikuwa pigo.

Nilikaa na habari hiyo Jumapili tatu bila kuisema. Nilifikiri itamuumiza. Kisha nikafikiri kutosema ni kuendelea kuiua. Nilipomwambia hatimaye, alikuwa akimenya viazi, kazi ambayo hakuiacha hata baada ya kuacha upishi. Hakuinua kichwa.

“Kwa hiyo tumeiua kwa huruma,” alisema, na akaendelea na viazi.

Sasa mtu atauliza kwa nini hatukuweka mpya siku hiyo hiyo. Aliyelelewa nyumbani kwetu asingeuliza. Kwa baba kitu kipya hakikuanzwa kabla cha zamani hakijaisha. Sabuni ikibaki nyembamba kama ukucha, ilibandikwa juu ya mche mpya mpaka ziwe kitu kimoja. Hakuna aliyevaa shati jipya wakati la zamani bado lilikuwa na kola. Vikombe vya maua vilikaa kabatini nyuma ya kioo vikisubiri wageni ambao hawakuwahi kuwa wakubwa vya kutosha, na balbu ya pili ilikaa katikati ya vikombe hivyo. Kuitoa kabla ile ya kwanza haijaungua kungekuwa kutoa kilicho hai na kukitupa.

Tena kulikuwa na hofu ya kweli. Jirani yetu, Msomali mwenye lori aliyebeba mahindi hadi Nairobi na kurudi na bidhaa za maduka, alikuwa rafiki wa baba na mteja wa chai yetu ya Jumapili. Nilimwandikia namba za balbu kwenye pakiti ya sigara, akazunguka nazo mjini Nairobi safari mbili. Alirudi na jibu kwamba balbu za aina hiyo haziji tena. Muuzaji alimwambia mashine zenyewe ziko kwa makumbusho.

“Sasa msomi,” aliniambia, akiwa ameketi juu ya gunia la sukari, “mimi kwa lori niko na tairi mbili za akiba. Unajua ni za nini? Si za kuangaliwa.”

Baba alimjibu kutoka nyuma ya kaunta kwamba tairi atapata hata mji mdogo kama Turbo, lakini kitu hiki kikiungua hakuna mahali pa kukipata, na mtu wa lori asimfundishe mtu wa jikoni kuhusu moto. Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nikimtazama baba akimimina chai. Alikuwa ameweka kidole ndani ya kikombe, juu kidogo, ili ajue chai imefika.

Siku hiyo ndipo swali langu lilipozaliwa upya. Nilianza kuona mambo. Alisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni. Alimpa mteja chumvi badala ya sukari, akasingizia karatasi zinafanana. Kila Jumapili kiti chake kilisogea mbele kidogo kuelekea ukutani, na kila Jumapili alisema neno moja, taa imechoka. Ilikuwa imechoka kweli. Lakini mimi, niliyekaa nyuma kabisa kwenye mashine, niliweza kuona mistari ya leso ya mama. Nilimuuliza dada kwa siri, tukiwa stoo, leso ile ukutani anaiona ya rangi gani. Alisema nyekundu, bila kufikiri. Kisha akanitazama kwa muda na kurudi kaunta, nikajua kwamba yeye alikuwa amejua kabla yangu.

Hospitali ya misheni ilikuwa na daktari wa macho aliyekuja kila Alhamisi. Nilipomtajia baba, alikasirika kwa namna yake, yaani alisema polepole kwamba macho yake hayana kitu, kinachokosekana nyumba hii ni mwanga. Nikasema basi niweke balbu mpya. Akasema ya zamani haijaungua. Milango yote miwili aliifunga na kukaa katikati.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka ugonjwa. Nikiweka mpya na aone, vizuri, nitakuwa nimempa miezi kadhaa ya kumwona mkewe. Lakini nikiweka mpya na asione? Hatakuwa tena na balbu ya kulaumu. Atajua papo hapo, gizani, mbele ya watu, akiwa ametazama uso ambao ameulinda miaka yote hiyo. Balbu mbovu ilikuwa koti lake. Nani alinipa ruhusa ya kumvua? Upande mwingine, kama macho yana dawa, basi koti hilo ndilo lililomzuia kwenda kwa daktari. Lakini kama hayana dawa? Niliendelea hivyo hadi majogoo, na asubuhi nilikuwa pale pale nilipoanzia. Nilisubiri balbu iungue yenyewe. Nitasema ukweli, niliiombea iungue. Ingeamua badala yangu. Nayo, balbu ambayo kwa hesabu zangu zote ilipaswa kuwa imekufa, iliendelea kuwaka.

Miezi mitatu ilipita hivyo, kuanzia kupalilia hadi mahindi yalipokauka. Baadaye nilimuuliza daktari kama miezi ile mitatu ingebadilisha chochote. Alikuwa mtu mwema. Aligeuka kupanga vyombo vyake.

Dada alinishika siku moja tukihesabu mikate. Hakupaza sauti, maana baba alikuwa nje kwenye benchi akiota jua.

“Unangoja nini?”

Nilimweleza. Nilimweleza yote, pande zote mbili, na nafikiri nilianza hata upande wa tatu.

“Sikia,” alisema. “Ukiweka na asione, atalia. Usipoweka, atapofuka akingojea taa. Hakuna lingine hapo. Wewe umesoma mpaka unaona njia kumi, na hupiti hata moja.”

Nilisema tungoje Jumapili moja zaidi.

Jumapili hiyo mwanzo wa filamu ulikuwa umechanika. Plastiki ilikuwa kavu, na meno ya mashine yaliula ukingo wake. Nilikata sehemu iliyoharibika, karibu urefu wa mkono, nikaanzia mbele kidogo. Hakuna aliyejali, kwani ilikuwa sehemu ya mawingu na barabara tu. Majirani walikuwepo, Msomali na kikombe chake, mama wawili wa kanisani, dada karibu na mlango. Farasi walipita. Mama alipanda hadi kwenye mizani, akageuka, akaficha mdomo, akapita. Ukuta ukaonyesha mbwa wa mzungu amelala kwenye ngazi.

Baba aliinua mkono, akaelekeza kidole kwenye mbwa.

“Huyo,” alisema kwa sauti ya chini. “Mama yenu huyo.”

Msomali aliinamia kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu ndani. Mmoja wa wale mama alianza kukohoa, nadhani kwa makusudi. Mbwa aliamka, akajikuna, akatoka. Baba alishusha mkono taratibu akauweka juu ya goti, ameridhika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akiona chochote, na sijui ni tangu lini. Alikuwa ameihifadhi filamu kwa mlio wa mashine. Alijua ni mizunguko mingapi hadi mke wake, na mimi kwa kukata urefu wa mkono mmoja nilikuwa nimemwondoa mahali pake. Kwa mara ya kwanza katika miezi ile kichwa changu kilikuwa kimya. Nilichokuwa nikikilinda kwa kusita kwangu hakikuwepo tena. Alichobaki nacho ni imani kwamba kilichokuwa ukutani mbele yake ni mama, na kilikuwa mbwa.

Sikungoja Jumapili nyingine. Jumatano mchana nilimwomba dada aachie duka mtu mwingine kwa saa moja. Nilitundika mablanketi. Nilimleta baba kwenye kiti chake, peke yake, bila wageni, na nikamwambia kabla sijagusa kitu.

“Baba, naitoa balbu ya pili.”

“Ya kwanza imeungua?”

“Haijaungua.”

Nilifungua kabati. Vikombe viligongana kidogo, akageuza kichwa kufuata sauti. Nilidhani atanikataza, na sijui ningefanya nini. Alisema tu kwamba nisishike kioo kwa vidole vitupu, mzungu hakuwa akishika kwa vidole. Niliizungushia kitambaa. Ile ya zamani ilitoka kwa urahisi, nyepesi kuliko nilivyotarajia. Niliiweka mezani, nikasukuma mpya mahali pake mpaka ikashika, nikawasha.

Sikuwahi kuona mwanga kama ule katika chumba kile. Hata mashimo ya misumari ukutani yalionekana kupitia shuka. Farasi walikuwa na jasho. Na mama alipotokea, niliona vitu ambavyo sikuwa nimeviona maisha yangu yote. Leso ilikuwa imeshonwa begani kwa uzi mweupe. Kwenye mikono yake kulikuwa na vumbi la pareto hadi kwenye viwiko. Alikuwa kijana, karibu umri wangu. Mimi ndiye niliyemwona. Niliona aibu kumwona.

Baba alikaa wima hadi mwisho. Mikono yake ilibaki magotini. Filamu iliisha, mkia wake ukawa unapiga mashine, na ukuta ukabaki mweupe kabisa mbele yake. Hakufumba macho kwa ukali wa ule mwanga. Mimi nilifumba.

“Umeweka?” aliuliza.

“Nimeweka.”

“Ni nyeupe?”

“Nyeupe sana, baba.”

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei. Nilisubiri alie, kama dada alivyosema. Hakulia.

“Ungeiweka wakati wa kupalilia,” alisema, “ningemwona.”

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sikujua ameingia saa ngapi. Nilizima taa. Nilishusha blanketi moja, kisha la pili, jua la mchana likaingia, na baba hakugeuka kulitazama. Nilimwambia kwamba kesho ni Alhamisi, kwamba nimeshaongea na mwenye lori, tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwa daktari wa misheni. Sikumuuliza kama anataka. Nilimshika mkono ili ainuke, na akainuka.